Pipa la Kumi na Saba

Kaarel alikuja mbio, siku yake ya tatu kazini,
glavu moja mkononi, ya pili imedondoka njiani.
"Virve, imeharibika!
Mchana niliiacha zambarau,
sasa imepauka, ina ukijani
kama maji yaliyooshewa samaki."

Saa tano usiku. Februari.
Nje, Baltiki imeganda hadi jicho linapochoka.
Sikumjibu. Nilichota kichupa,
nikakaza kizibo, nikakipangusa,
nikamvuta hadi chumba cha mizani
ambako Aglaya, alipostaafu, alituachia
balbu yake ya zamani, ya uzi,
ile yenye joto kama mkate.
"Tazama."

Zambarau ikarudi,
hafifu, kama ukucha wa mtoto kwenye baridi.
"Sasa kirudishe kule chini ya tyubu."
Ikapotea.
Akacheka, halafu akaona aibu kucheka.

Naitreti ya neodimi ndivyo ilivyo, nikamwambia.
Haijageuka. Umegeuziwa taa.

Inua hiyo ndoo. Unaona? Siyo maji.
Lita moja inakaribia kilo moja na nusu;
mna jiwe humo
lililonyweshwa tindikali hadi likasahau ujiwe.
Na haiwaki.
Hapo ndipo wengi hupotea.
Haiwaki, ila humkopesha pumzi
yeyote anayetaka kuwaka:
gunia, ubao, karatasi, pamba.

Heino alipangusa sakafu kwa koti lake,
akalitundika juu ya bomba la joto, akaenda chai.
Maji yakaruka, chumvi ikabaki nyuzini.
Kikulacho ki nguoni mwako:
saa nane kabati lake lilifunguka lenyewe,
limejaa mwanga.
Heino hakuungua, alikuwa kikombe cha pili.
Lakini hadi leo halivai koti kabla ya kulinusa,
hata kanisani.

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu.
Haya huzolewa.
Kwa mchanga, Kaarel, si kwa maranda,
na usiyaelekeze kwenye mfereji:
samaki hawakutuomba rangi.
Yakikurukia jichoni usinitafute mimi.
Bomba liko hatua nne kutoka hapo uliposimama.
Dakika kumi na tano. Ndipo upige kelele.

Akaniuliza, basi huenda wapi?

Hili la kumi na saba litatiwa asidi nyingine,
likatike kama maziwa,
lichujwe, lichomwe, liwe unga wa samawati.
Kisha metali, kisha sumaku,
kisha kulala juu kabisa ya mnara wa upepo
na kuzungushwa bila kuulizwa.
Yale mapipa ya ukutani ni seriamu, haina rangi hata chembe,
inakwenda kusugua vioo;
huenda iliisugua hiyo miwani yako.
Lanthani huenda kwenye mafuta ghafi, kuyavunjavunja.
Na praseodimi, ile ya kijani kabisa,
huenda kwa watengeneza vigae
na kutoka tanurini ikiwa manjano.
Usiniulize kwa nini. Nilimuuliza Aglaya,
akasema hata yeye amezaa watoto wasiofanana naye.

Mumewe alikuwa mpuliza vioo.
Alivaa miwani ya madini haya haya,
iliyoumeza umanjano wote wa moto
ili aone kioo peke yake, kikipumua.
Alipokufa, Aglaya aliivaa mara moja jikoni,
akawasha jiko, akamwaga chumvi kwenye mwali,
asione manjano yoyote.
Hakunieleza alichokiona badala yake.

Kaarel akakaa na fomu ya bechi.
Uzito, ameandika. Joto, ameandika.
Kwenye safu ya RANGI kalamu ikasimama.
"Niandike ipi?"
"Andika unayoiona. Kisha uandike na taa."

Akaandika, kwa mwandiko wa mtu wa siku ya tatu:
zambarau, balbu ya Aglaya.
Akatoka kuitafuta glavu yake.