Mkulima wa Geti Nambari Tisa

Naitwa Joji. Kazi yangu Kilindini
ni kuandika majina ya mabaharia
wanaotoka getini kwenda mjini
kutafuta laini ya simu, sabuni, dawa ya meno.
Kibanda kina dirisha moja, feni moja,
na daftari la mistari myekundu.

Jumatatu iliingia meli ya ngano.
Wa kwanza aliniwekea pasi mezani: Yuri.
Nikaandika Yuri.
Nyuma yake Mpolandi mwenye mafua, Jerzy,
herufi ambazo ulimi wangu ulizikataa.
"Yeji," alinifundisha. "Yeji," nikarudia,
akacheka hadi akapiga chafya.
Alasiri, Mfilipino: Jorge,
naye hulitamka kama mtu anayepuliza chai: Horhe.
Jumatano, Msiria: Jirjis,
mlio wa cherehani ikipita kwenye turubai.

Sikujua.
Wiki nzima nilikuwa nikiandika jina langu.

Ijumaa akaja Mgiriki, mpishi, Yorgos,
mikono inanukia kitunguu saumu.
Alisoma kitambulisho kifuani pangu
polepole, kidole juu ya plastiki,
kisha akajigonga kifua, akanigonga na mimi:
mmoja.
Akakanyaga sakafu mara mbili. Udongo.
Akainua jembe lisilokuwepo, akalishusha,
akapangusa jasho la uongo.
Mtu wa kazi ya udongo.
Mkulima.

Mimi!
Mzaliwa wa Chaani, nyuma ya gereji,
nisiyejua kunde huzikwa ikitazama wapi.
Baba aliuza shamba la Mgange kabla sijaota meno,
akanunua vyumba viwili vya mabati,
akaniita Joji kwa sababu siku ile katekista
alikuwa ameishiwa na akina Petro.

Bibi hakuwahi kulitamka sawasawa.
"Choji," aliita, "Choji, njoo ule,"
na ukoo mzima ni yeye pekee
aliyekuwa na sugu za mpini viganjani.
Jina lilikosea mlango, nadhani.
Lilikuwa lake.

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi:
ndivyo tulivyoambiwa.
Hapa getini nimeona wakulima tele
na halimi hata mmoja.
Yuri ni fundi wa injini.
Yeji hukwangua kutu, hupaka rangi, hukwangua tena.
Horhe huhesabu minyororo.
Jirjis hulala mchana, usiku hushika usukani.
Yorgos anakaanga.
Jina limevuka maji yote haya, jembe begani,
likishuka kila bandari kuuliza shamba liko wapi,
na kila bandari inalionyesha saruji.

Jana Bi Mwanasiti wa ulinzi alikuwa akifagia
ngano iliyomwagika kutoka kwenye lori.
Nikamwomba konzi moja.
Nikatoboa kopo la rangi kwa msumari,
nikalijaza mchanga wa nyuma ya kibanda,
mchanga wenye mafuta na vizibo vya soda.
Huenda joto likaziua. Huenda ngano ya meli
imetiwa dawa isiote kamwe.
Sikumuuliza mtu. Bibi angejua.

Leo asubuhi nimeinyweshea kwa kikombe cha chai.
"Unafanya nini wewe?" Mwanasiti akauliza.
Nikamwambia, "Naandika jina langu."
"Basi liandike upesi," akasema,
"usogeze na hilo kopo.
Lori linarudi nyuma."