Uzi

Baba alipotoka kiwandani, kule Hokkaido,
theluji iliyomwangukia begani ilikuwa ya manjano.

Mama alimkung'uta mlangoni kama mkeka.

Siku za sherehe alituomba uzi.
Aliupenyeza pua ya kushoto, akautolea ya kulia,
akauvuta huku na kule; tukacheka hadi machozi.
Vumbi la kromu lilikuwa limemtoboa ukuta wa pua.
Wenzake wote walikuwa na tundu hilo.
Waliliita cheti cha kazi.

Mwaka wa kumi na tisa saratani ikashuka mapafuni.
Ofisi ikauliza: mna hakika ni vumbi? Labda sigara.

Hakuwahi kuvuta.

Jana, nikishona kifungo cha mwanangu Kiyotaka,
nililamba ncha ya uzi,
nikalitazama tundu la sindano,
nikashindwa.