Mwiba wa Mei

Ginka Ruseva hakuuona mwiba.
Saa kumi na moja alfajiri, bonde la waridi, Bulgaria,
umande bado, mnunuzi analipa kwa kilo:
nani atasimama kutazama kidole?
Alikinyonya, akatema, akaendelea kuchuma.

Siku ya pili kidole kiliamka kabla yake.
Kilipwita gizani
kama mtu abishaye hodi, na mlango ni yeye.

Mwiba haukuingia peke yake. Uliingia na udongo,
udongo na bakteria. Chini ya ngozi
wapo walinzi wasiosinzia,
chembe zilizobeba histamini vifukoni.
Zilipasua vifuko. Basi.
Hapakuwa na tarumbeta,
ni vishipa tu vilivyolegea, vikapanuka, vikavuja maji,
damu ikaja kwa wingi na joto lake:
ndiyo wekundu, ndiyo uvimbe,
ndiyo pete ya marehemu Metodi
iliyokataa kuvuka kifundo.

Kisha zikaja nyeupe.
Zilibingirika kando ya ukuta wa mshipa, zikanata,
zikajibana, zikapenya pasipopenya sindano.
Zikala. Hazikuchagua:
sumu yao ilimwagikia adui
na nyama ya Ginka pia.
Zikafa, maelfu juu ya maelfu,
na maiti zao tunaziita usaha, tunazikunjia uso.

Alikimiminia rakia. Akakitukana.
Akachuma kwa mkono wa kushoto,
kilo tisa badala ya thelathini.

Jumamosi akaja mjukuu, Plamen,
jina ambalo kwao maana yake ni mwali.
Anasomea utabibu wa mifugo.
"Mimi si ng'ombe," bibi alimkumbusha.
Alimpapasa kwapani, akakuta mtoki kama kokwa ya cheri.
Akaufuata mkono kwa macho, kiganja hadi kiwiko,
akitafuta mstari mwekundu.
Haukuwapo. Akashusha pumzi.
"Kinauma kwa sababu kinafanya kazi."
"Kwa kilo ngapi?"

Wembe ulichemshwa. Kidole kikatumbuliwa.
Katikati ya usaha ilitoka ncha nyeusi,
ndogo kuliko ufuta.

Zilizobaki ni chembe kubwa, za mwendo wa pole,
wameza wafu, wafagizi,
wanaoita nyuzi zije kushona.
Hakuna aliyezisikia.

Jumanne pete ilizunguka tena, kwa sabuni.
Kidole kilinuka rakia, na chini ya rakia,
waridi.