Kikao cha Makaa

Dhanbad, chumba cha ghorofa ya tatu,
feni inakata joto lisilokatika.
Reli wanalaumu Umeme, Umeme wanalaumu Migodi,
Misitu hawakuja, wametuma barua.
Mimi ni mwandishi wa muhtasari. Kazi yangu
ni kugeuza kelele kuwa "iliazimiwa."

Mabehewa mia mbili hayajulikani yaliko.
Mwenyekiti anarudia: uratibu, uratibu,
kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa
huku akitafuta funguo za gari.

Ndipo akaingia Phulmani Hansda, hana kitambulisho,
amekumbatia sufuria iliyoviringishwa sari kuukuu.
Anatoka kijiji ambacho kwenye ramani yetu
ni Eneo 9B, hamisha.
Akaitua mezani, juu ya jedwali la uzalishaji.
Udongo wa sakafu yake.
Karatasi ikalegea kwa mvuke.

"Chini kunawaka tangu mama hajaolewa," alisema.
"Nyinyi mmekaa. Sisi nasi tumekaa.
Tuulizane tu, kaa la moto liko chini ya nani."

Reli wakawatazama Umeme,
na kwa mara ya kwanza siku ile
wizara mbili zikakubaliana bila kura:
chai iletwe.

Usiku nikapiga chapa nakala safi.
Ajenda ya kwanza hadi ya sita zilijaa tani na tarehe.
Nikamweka palipobaki nafasi,
chini kabisa, kwenye Mengineyo:

Sufuria moja. Haijapoa.