Kiinua Mgongo

Kochi lilifika Barani juu ya mkokoteni,
miguu juu, kama mbuzi wa karamu,
Mzee Mwaringa nyuma yake anasukuma
ingawa mwenye mkokoteni amelipwa kusukuma.
"Lisafishe. Halafu uniambie ni la nini."
La nini. Hakusema la bei gani.

Sikuligusa kwanza. Nililinusa.
Marehemu Shebwana, aliyenifunza kazi
akishona matandiko ya punda kule Lamu, mtaa wa Langoni,
alisema pua haidanganywi na rangi:
ngozi hunuka mnyama hata ikifa mara mbili.

Hili lilinuka nazi.
Nazi iliyochacha. Sisimizi wamekata njia
kwenye mshono wa kushoto, wanapita na mizigo yao.
"Umelipaka mafuta ya nazi, mzee?"
"Kila Ijumaa. Mama wa kule alisema ngozi hupakwa."
Alisema kweli. Hakusema hupakwa nini.

Nikachovya kidole kikombeni,
nikadondosha tone moja juu ya kalio.
Tone likakaa, likafikiri, likazama,
likaacha doa jeusi kama jicho la ndama.
Hii ni ngozi tupu, haikuvishwa rangi nzito,
hunywa kila kitu: jasho, chai, chumvi ya hewa,
na haisahau.
Hii huoshwa kwa povu tu, povu la sabuni ya mtoto,
maji yabaki kwenye beseni,
kitambaa kikamuliwe mpaka kilie,
mkono uzunguke usiwe na safari.
Ikauke kivulini. Jua la Malindi
huikunja kama papadi.
Jiki waachie adui zako.

Nikahamia mikononi. Ngozi pia, lakini imepakwa:
tone linatembea juu yake kama juu ya jani la mgomba.
Ukungu wa masika umeota mikunjoni.
Brashi laini, upepo, kisha nta.

Nikaenda mgongoni.
Tone likateleza bila hata kusalimu.
Nikaligeuza kochi, nikang'oa pini nne za chini,
nikatafuta upande wa ndani, ile sufi ya nyama,
nikakuta kitambaa, nyuzi zimepishana kama shuka la hospitali.
Nikachomoa kipande, nikakiwasha kiberiti.
Kikalia, kikajikunja, kikanuka ndoo.

Nikakaa kitako juu ya debe la gundi.
Alikuwa amenieleza tayari, bila kuulizwa:
miaka ishirini na sita, Kasuarina,
lango, jenereta, bustani,
mbwa watatu waliozeekea mikononi mwake;
kwamba Mtaliano alipouza nyumba arudi kwao
alimshika bega, akaelekeza kidole sebuleni:
hiki ndicho kiinua mgongo chako.

Kalio ngozi. Mikono ngozi. Mgongo plastiki.
Nikaanzia mbali, kama tuanzavyo waoga:
"Viwanda vingi, mzee, hufanya hivi,
panapokaliwa huweka ngozi, na pale pasipo..."

"Najua," akasema.
"Nililipangusa miaka tisa.
Upande ule haujawahi kunywa maji.
Nilitaka aseme mtu mwingine.
Na aandike."

Wahenga walisema ngozi ivute i maji.
Hawakusema ya isiyokuwa ngozi.

Nikatoa kitabu cha risiti, kaboni chini,
nikaandika kwa herufi za kusomeka na karani mwenye usingizi,
nikagonga mhuri wangu wenye kosa la tahajia.
Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia.
"Jumatatu ofisi ya kazi inafunguliwa saa mbili,"
akasema, si kwangu.

Kisha akaketi. Mara ya kwanza, nadhani,
kwa jinsi alivyoanzia ukingoni.
Akasogea. Akaegemea.
Shati likanata,
na alipoinuka, mgongo ulitoa sauti
kama plasta ikibanduliwa.