Kasa

Saa tatu kasorobo Aikande akapiga kutoka Pangani:
wamempasua kasa aliyekufa,
tumboni mna rambo jeupe, limekunjamana.
"Baba, lina jina la duka letu."

Mimi wa Majengo, Moshi,
bahari nimeiona siku mbili tu maishani.
Ila Karanga naujua,
najua masika yanavyosomba:
Kikuletwa, bwawani, Pangani.
Kasa akadhani konyeza.

"Kiota kina mayai mangapi?"
"Mia na kumi."
"Hukua wangapi?"
Akanyamaza.

Marobota mawili nilikuwa nimeyaficha
nyuma ya magunia ya pumba.
Nimeyatoa uani, nimemwita afisa wa kata
aje na risiti ya faini.
Mke wangu ananiita mwehu.

Katika hesabu za zamani tulisema kasa,
yaani pungufu:
mia kasa moja.