Madebe ya Ruel Ebanks

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshafika Junction,
taa moja ya lori imekufa, ya pili yaona kwa shida,
na Ruel Ebanks amesimama langoni na madebe yake sita,
vifuniko amevikaza kwa vitambaa vya shati kuukuu la shule.
Salamu hakuwa nayo. Alisema tu, "Arobaini na nane,"
yaani galoni, nami nikaandika arobaini na nane bila kupima,
kwa kuwa Ruel hakuwahi kudanganya hata nusu painti,
ila siku moja, na siku hiyo alijipunja mwenyewe.

Ng'ombe wake walikuwa wa mbegu iliyozalishwa humu kisiwani,
damu juu ya damu, hadi wakavumilia jua na kupe,
wakaitwa Tumaini la Jamaika.
Sikutunga mimi. Ndivyo vyeti vyao vilivyosema.
Ruel alikuwa na matumaini kumi na manne,
na moja, Bi Vayoleti, lilipenda kupiga teke ndoo.

Kisha redio ikasema milango imefunguliwa,
soko liko huru, ushuru umeshuka,
anayeweza na ashindane.
Nilikuwa chini ya lori nafunga ekzosi kwa waya.
Nikadhani ni habari ya watu wa benki.

Haukupita mwaka, kiwanda kikaanza kukataa.
Kwanza Jumanne. Kisha Jumanne na Ijumaa.
"Mwambie Ebanks tunayo ya kutosha."
Waliyonayo yalikuwa ya unga, kwenye magunia ya karatasi,
yamevuka bahari kutoka kwa ng'ombe wasiomjua kupe,
ambao serikali yao, niliambiwa baadaye, iliwalipia hata majani.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Huyu siku ya tatu tulimpa shamba.

Nimeyaona maziwa yakimwagwa. Hayana kelele.
Yalishuka mtaroni taratibu,
udongo wetu mwekundu ukayanywa, ukawa rangi ya ufizi,
mbwa wakaja, wakashiba, wakalala palepale.
Ruel akayasuuza madebe, akayafunika kwa vitambaa vyake,
akayapanga langoni
kana kwamba kesho.

Lakini nisiseme uongo.
Dada yangu Verona, kule Kingston,
kwa mara ya kwanza alifikisha mwisho wa mwezi na maziwa ndani.
Nilimtazama akikoroga, madonge ya unga yakielea,
mapacha wake wamepata masharubu meupe, wanachekana.
Ningemwambia nini? Amwage?

Mchinjaji alitoka Santa Cruz na mizani yake.
Alinunua Tumaini kwa ratili.
Bi Vayoleti alimpiga teke la paja,
na katika jambo lote hilo, tangu redioni hadi pale,
sikuona mwingine aliyeulizwa maoni akayatoa.

Mimi? Mimi walinipa njia mpya.
Bandarini, saa ileile, lori lilelile,
taa zote mbili sasa zawaka.
Magunia ya unga, duka hadi duka, hadi duka la Junction.
Mshahara ulipanda. Nasema kweli: ulipanda.

Jumamosi moja nilimkuta Ruel kaunta,
ameshika kopo dogo, anasoma maandishi kwa kidole.
Akaniona, akaliona lori, akaniuliza,
"Wale mapacha wanaendeleaje?"
Hapo nikaikumbuka siku ile aliposema arobaini na saba,
nami nikakuta galoni moja imezidi,
nikaipeleka Kingston nimeifunika kwa koti.

Madebe yake mawili bado ninayo. Hakuyadai.
Hukaa nyuma ya magunia, na nikishuka kilima cha Spur Tree
hugongana hadi chini, njia nzima.
Debe tupu haliachi kuvuma, husema watu
wakimcheka mjinga.
Mwenye lori ameniamuru mara tatu niyatupe.
Namjibu, "Ndiyo, bosi,"
kisha nayasogeza yakaribiane zaidi.